Sura ya Tano: Staringi Anapokufa

Kila aliyewahi kubanana kwenye benchi la kibanda umiza cha video anaijua sheria ya kwanza ya filamu: staringi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na risasi begani, lakini hafi, maana akifa filamu imekwisha na watu watadai hela yao. Ndiyo sababu watazamaji wazoefu walitulia hata pale adui alipoonekana kushinda. Walichosubiri kujua ni namna atakavyochomoka. Sheria hiyo tuliisoma kwa Rambo na kwa Schwarzenegger, tukaibeba hadi kwenye kila kilichofuata, katuni zikiwemo.

Siku hizi kuna vijana wasioikubali. Ukiwawekea katuni ya Kimarekani wanarudi kwenye simu zao. Ukiwawekea anime, yaani katuni ya Kijapani, hawainuki mpaka episodi iishe. Nimewachagua wa Mtua, kata ya Wilaya ya Nachingwea mkoani Lindi, kwa sababu huko hakuna atakayedai kwamba hayo ni mambo ya watoto wa mjini. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Ruangwa iko jirani, Masasi upande wa pili, na Dar es Salaam ni safari ndefu ya basi. Anime zinafika ndani ya flashi na memori kadi. Mmoja akienda mjini anajaziwa sizoni nzima kwenye duka la kuingiza muvi na nyimbo. Akirudi anawarushia wenzake, simu kwa simu, bila kugusa bando.

Kijiweni kwa bodaboda nilimuuliza mmoja wao, kijana aliyemaliza kidato cha nne na sasa anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku, kwa nini Tom na Jerry hawamkamati. Alinitazama kwa huruma kidogo.

“Mjomba, yule paka kalipuliwa na baruti. Dakika moja tu, mzima. Kesho analipuliwa tena. Sasa mimi nimuonee uchungu wa nini?”

Mwenzake akadakia akiwa anafuta kioo cha pikipiki: “Kwenye anime mtu akifa, kafa. Hata staringi.”

Nimesoma maelezo mengi ya watu wanaopenda anime: michoro yake mizuri, mapigano yake makali, muziki wake. Yote ni kweli, lakini sikuona yanayofikia haya ya kijiweni. Vijana hawa wanachagua hadithi inayotunza hesabu. Kama daftari la mkopo la mwenye duka, kilichoandikwa jana kinasomwa leo na hakifutiki mpaka kilipwe. Jeraha la episodi ya kumi linauma bado katika ya mia.

Katuni isiyo na jana

Tuanze na Tom na Jerry, maana tukimdharau paka huyo tutakuwa tunasema uongo. William Hanna na Joseph Barbera walimwanzisha mwaka 1940 katika kampuni ya filamu ya MGM, na filamu zake fupi zilipata tuzo 7 za Oscar. Hazihitaji lugha. Mtoto wa miaka mitatu na babu yake wanacheka mahali pamoja. Lakini kila filamu ilikuwa ya dakika kama 7, ikioneshwa katika majumba ya sinema kabla ya filamu kuu, kwa watu ambao huenda hawakuona iliyotangulia na wasingeona itakayofuata. Ilibidi ianze upya kila mara. Paka alipaswa kuwa mzima.

Televisheni ilipokuja Marekani, desturi hiyo ikawa biashara. Vipindi viliuzwa kwa fungu kwa vituo vingi vidogo, na kila kituo kilivirusha kwa mpangilio wake. Kipindi kinachotegemea cha jana kilikuwa hasara kwa mnunuzi. Tangu mwaka 1968 kukawa pia na kundi la wazazi, Action for Children's Television, lililopigania maslahi ya watoto mbele ya vituo vya televisheni, na katuni za Jumamosi asubuhi zikazidi kupunguzwa makali. Katika miaka ya 1980 likaongezeka jambo jingine: katuni kama He-Man, ya mwaka 1983, zilitembea bega kwa bega na midoli ya dukani. Staringi ambaye sanamu yake inauzwa hawezi kuzikwa.

Japani ilienda njia nyingine kwa sababu chanzo chake kilikuwa kingine. Anime nyingi maarufu huzaliwa kwenye karatasi, katika magazeti ya hadithi za picha yanayotoka kila wiki. Lililo maarufu kuliko yote, Shonen Jump, lilianza mwaka 1968, na nguzo zake zinazotajwa siku zote ni tatu: urafiki, juhudi na ushindi. Wasomaji huombwa kura zao. Hadithi isiyopendwa hukatwa, na inayopendwa huendelea kwa miaka. Mchoraji anayetaka msomaji arudi wiki ijayo hawezi kumrudisha kila mtu alipoanzia. Lazima kitu kiwe kimebadilika: mtu kakua, mtu kasaliti, mtu kafa.

Tazama Naruto, inayotajwa Mtua kuliko nyingine zote nilizozisikia. Masashi Kishimoto alianza kuichora mwaka 1999. Ikawa anime mwaka 2002, ikamalizika mwaka 2017, na ukijumlisha sehemu zake mbili unapata episodi 720. Mtoto aliyeanza kuitazama akiwa darasa la kwanza alikuwa mtu mzima ilipoisha, na Naruto naye alikuwa amekua na kuoa; vitabu vyake vinaishia akiwa na watoto, ndiye mkuu wa kijiji chake. Alianza akiwa yatima anayekwepwa na majirani, mwanafunzi aliyefeli mtihani wa kuhitimu mara tatu. Sihitaji kueleza kwa nini hilo linamgusa kijana ambaye matokeo ya kidato cha nne yalibandikwa ukutani na jina lake likawa chini.

Daraja la Nchi ya Mawimbi

Kuna kisa kimoja, mapema kabisa katika Naruto, ambacho vijana wa Kusini wanakisimulia kana kwamba kilitokea Kilwa. Naruto na wenzake wanatumwa kumlinda mzee fundi ujenzi katika Nchi ya Mawimbi, kisiwa maskini kilichoshikwa na tajiri mmoja mwenye meli. Kila kinachoingia na kutoka kinapita mkononi mwake. Mzee anajenga daraja la kuunganisha kisiwa na bara. Likikamilika, tajiri amekwisha. Basi tajiri anakodi muuaji, Zabuza, ambaye anakuja na kijana wake mpole aitwaye Haku.

Wanapambana juu ya daraja lenyewe, ndani ya ukungu. Haku anajitupa mbele ya pigo lililomlenga bwana wake, anakufa amesimama. Zabuza hatoi chozi. Kisha tajiri anatokea na genge lake, anatangaza kwamba hakuwa na nia ya kulipa, anaupiga teke mwili wa Haku. Naruto, ambaye dakika chache kabla alitaka kumuua Haku, anampigia Zabuza kelele: huyu alikupenda, alikufa kwa ajili yako, huna lolote la kusema? Hapo ndipo muuaji analia. Mikono yake haifanyi kazi, anaomba kisu, anakishika kwa meno, anapita katikati ya genge lile akichomwa mgongoni mpaka anamfikia tajiri. Mwisho anaomba alazwe kando ya Haku. Theluji inaanza kudondoka.

Adui ndiye anayetutoa machozi hapo. Ana jana yake, ana aliyempenda, na kifo chake kina uzito ule ule wa kifo cha mtu wetu. Daraja linakamilika na kupewa jina la Naruto, na miaka mingi baadaye katika hadithi hiyo bado linaitwa hivyo.

Mtu wa Lindi na Mtwara anaelewa daraja. Kabla ya Agosti 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lenye urefu unaokaribia mita 970, mikoa hii ilitegemea kivuko cha Ndundu, na masika yalipokolea barabara ilikuwa tope na safari ya Dar es Salaam ilikuwa bahati nasibu. Bei ya sabuni na ya saruji iliamuliwa na mto. Hata baada ya hapo, Mei 2024, wakati mvua za El Niño zilipokutana na Kimbunga Hidaya, barabara kuu ilikatika huko Somanga na Kusini ikajikuta tena upande wa pili wa maji. Kijana wa Mtua haoni Nchi ya Mawimbi kuwa ya kubuniwa sana.

Nachingwea yenyewe ni mji wenye kumbukumbu za mipango mikubwa. Serikali ya Kiingereza ilikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, ikafyeka pori, ikajenga reli kutoka pwani, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umeshakufa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Leo kuna kata iitwayo Stesheni, na treni hakuna. Kisha wakaja wapigania uhuru wa FRELIMO, wakafanya mafunzo hapo mpaka Msumbiji ilipojitawala mwaka 1975. Watoto waliolelewa kwa simulizi za namna hiyo, za jambo lililoanza kwa kishindo, likafa na kuacha jina, hawawezi kushangaa hadithi ikiwa na jana.

Umaskini uliozaa ufundi

Kuna wanaodhani anime imeshinda kwa sababu imechorwa vizuri zaidi. Kwa kipimo cha mwendo, ni kinyume. Osamu Tezuka alipopeleka Astro Boy kwenye televisheni ya Japani tarehe 1 Januari 1963, alikuwa na fedha kidogo na wiki moja kwa kila episodi. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde. Walt Disney, ambaye Tezuka alimhusudu, aliwachoresha watu wake michoro 12 au hata 24 tofauti kwa kila sekunde, ndiyo maana Bambi anatembea kama swala halisi. Tezuka na waliomfuata walizoea kuridhika na 8, na mara nyingi chini ya hapo. Mdomo ukacheza, uso ukatulia. Mchoro mmoja wa mtu anayekimbia ukatumika tena na tena.

Kwa kuwa hawakuweza kununua mwendo, waligharimia vingine: jicho linalojaa machozi polepole, nyasi zinazoinama kwa upepo, chumba kitupu baada ya mtu kuondoka, sauti ya mwigizaji aliyefunzwa hasa kazi hiyo. Kwenye katuni ya Kimarekani ya zamani, mtu akisimama kimya kwa sekunde tano ungedhani mkanda umekwama. Katika Grave of the Fireflies, filamu ya Isao Takahata ya mwaka 1988 kuhusu ndugu wawili wanaoachwa yatima na vita, ukimya ndio unaobeba kila kitu. Filamu hiyo inaanza na kifo cha staringi wake. Tunajua mwisho tangu dakika ya kwanza, na bado hakuna anayeinuka.

Lugha nayo ina nafasi yake. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1974. Wengi wetu tulijifunza sinema kwenye vibanda vya video, na vibanda vilikuwa na wasimulizi. Lufufu, ambaye jina lake ni Derek Gaspar Mukandala, alipata umaarufu kwa kuweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, akitafsiri, akieleza na kuongeza chumvi yake. Wajapani walipitia huko huko. Enzi za filamu zisizo na sauti, majumba yao ya sinema yalikuwa na wasimulizi wa moja kwa moja walioitwa benshi, na wengine walipendwa kuliko waigizaji. Sinema za sauti ziliwaondoa katika miaka ya 1930, lakini mazoea ya kuithamini sauti inayosimulia yalibaki.

Anime, hata hivyo, haikumngoja Lufufu. Vijana wa Mtua wanasikia Kijapani na kusoma Kiingereza kinachopita chini ya picha kwa kasi. Yule wa bodaboda aliniambia kwamba Kiingereza alichokipata kwenye anime ni kingi kuliko alichokipata darasani. Sina namna ya kulipima dai hilo, ila nilimwona akisoma mistari miwili na kuitafsiri kwa wenzake kabla haijafutika, huku wale wengine wakingoja kauli yake kama watu waliomzunguka msimulizi.

Kwa Waswahili wa Maskati mambo yalikuwa mepesi zaidi. Huko Ghuba, katuni za Kijapani zilitiwa sauti za Kiarabu zamani sana. Captain Tsubasa, hadithi ya mtoto mcheza mpira, Waarabu waliijua kama Kapteni Majid, na watoto wenye bibi zao Unguja walikua wakimshangilia Majid bila kujua kwamba ni Mjapani. Mpira wake ulichukua episodi nzima kufika golini, na hakuna aliyelalamika.

Sungura, Liyongo na wengine

Mpaka hapa Mmarekani aliyetulia anaweza kuuliza: je, nyinyi mnachagua tu mnachotaka kukiona? Ana haki. Japani nayo ina katuni zisizo na jana. Sazae-san inarushwa tangu mwaka 1969 na watu wake hawazeeki. Doraemon yuko kwenye televisheni tangu 1979 na yule mtoto wake bado anapata sifuri shuleni. Ash wa Pokémon alikuwa na miaka 10 mwaka 1997, akaondoka kwenye kipindi mwaka 2023 akiwa na miaka 10 ile ile. Na Marekani inaweza: Avatar: The Last Airbender, iliyotoka mwaka 2005 hadi 2008, ilitunza hesabu zake zote kutoka episodi ya kwanza hadi ya mwisho, na hao hao vijana wanaipenda. The Lion King ya 1994 nayo wanaisamehe, kwa sababu Mufasa akifa hafufuki. Tofauti, basi, haiko kwenye pasipoti ya mchoraji.

Wala anime haina usafi wa malaika. Ina episodi za kujazia zisizokwenda popote, na ina tabia mbaya ya kuwachora wasichana wadogo kwa jicho la wanaume wazima. Mzazi anayeamini kwamba kila katuni ni ya mtoto atamwachia mwanawe wa miaka sita Attack on Titan, ambamo mama wa staringi analiwa mbele ya macho ya mwanawe katika episodi ya kwanza. Na kwa habari ya kutuchora sisi, hakuna upande wenye cha kujivunia. Disney ilichukua majina ya Kiswahili ikawapa wanyama, na mwaka 2003 ikasajili “Hakuna Matata” kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani. Tezuka naye alikuwa na simba wake wa Afrika, Kimba, kwenye televisheni tangu 1965, miaka 29 kabla ya Simba wa The Lion King, na katika vitabu vyake vya zamani Mwafrika amechorwa midomo minene na mkuki mkononi.

Tuangalie basi nyumbani. Hadithi zetu za sungura na fisi ni Tom na Jerry wetu hasa: fisi anadanganywa, anapigwa, anaungua, na kesho yuko tena njiani anadanganywa. Hazina jana, na watoto wanazihitaji hivyo. Lakini hazikuwa hadithi pekee. Pwani ilikuwa na Fumo Liyongo, shujaa asiyeingia silaha, ambaye habari zake Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Liyongo anauawa na mwanawe mwenyewe kwa sindano ya shaba kitovuni. Staringi wetu mkubwa kuliko wote anakufa, kwa usaliti, na watu wake wanalia. Na huku Kusini, kwa Wamwera, Wamakonde na Wayao, mvulana alipelekwa jandoni chini ya kungwi, akavumilia, akafunzwa, na desturi ikawa kutoka na jina jipya. Aliyeingia hakurudi. Mwanafunzi anayeteswa na mwalimu mkali mpaka anakuwa mtu mwingine, ambalo ni fungu zima la anime, kijana wa Mtua alikuwa na habari zake kabla hajashika simu.

Kwa hiyo ile sheria ya staringi hafi ndiyo iliyokuwa ngeni. Ililetwa na mikanda ya video, ikakaa miaka thelathini hivi, na sasa inaondoka.

Tunachodaiwa

Tumeanza kutengeneza vya kwetu. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka 2014, imewafundisha watoto hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Mwaka 2023 Disney ilitoa mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Waafrika uitwao Kizazi Moto, na ndani yake wamo Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda. Ni kazi nzuri. Lakini ya kwanza ni ya watoto wadogo na kila kipindi kina somo lake linalofungwa papo hapo, na ya pili ni filamu fupi zisizoendelea. Mtoto akivuka miaka 12 hapati katuni ya Kiswahili ya kukua nayo. Anaihama lugha kwa sababu hadithi imeisha kabla yake.

Kinachotajwa haraka kuwa kikwazo ni fedha, na kweli episodi moja ni ghali. Lakini Naruto ilianza kwa wino mweusi kwenye karatasi ya gazeti la bei nafuu, ikakaa huko miaka mitatu kabla haijawa anime. Karatasi tulikuwa nayo. Gazeti la Sani lilikuwa na hadithi za picha na wahusika kama Ndumilakuwili, waliojulikana nchi nzima, na wasomaji waliongojea toleo lijalo. Tuliiacha njia hiyo wakati Wajapani wanaipanua.

Mchoraji atakayeirudia hana haja ya kuiga nywele za miiba wala mapanga ya Kijapani. Achukue reli ya Nachingwea iliyong'olewa, au mtoto aliyekua jirani na kambi ya wapiganaji mwaka 1970, au kivuko cha Ndundu siku mto umefurika. Achore kurasa kumi na mbili kila wiki na kuzirusha kwenye simu, maana simu ziko Mtua tayari na njia ya kurushiana ipo. Ila awe na ujasiri mmoja ambao wasimulizi wa Liyongo walikuwa nao: ampe staringi wake jana, na akilazimika kumuua, asimfufue wiki inayofuata.